Daudi Yupi Tumchonge?

Tuseme, ndugu msomaji, kwamba kanisa lenu limekwisha kujengwa, mabati yamepakwa rangi, na kamati imebakiwa na pesa kidogo. Mzee mmoja anasimama mkutanoni na kusema, afadhali tuweke sanamu ya Mfalme Daudi pale langoni. Wote wanakubali. Fundi anaitwa. Anasikiliza, anakuna kichwa, halafu anauliza neno moja tu: Daudi yupi?

Mnaweza kudhani anatania. Kumbe hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na limewasumbua wachongaji wakubwa kwa mamia ya miaka.

(Najua yako makanisa ambayo hayaruhusu sanamu kabisa, na yana sababu zao katika Kutoka 20. Hapa hatuzungumzi juu ya kuabudu sanamu. Tunazungumza juu ya namna ya kumkumbuka mtu aliyetenda mema makubwa na mabaya makubwa.)

Daudi ni yule mchunga kondoo aliyemwangusha Goliathi kwa jiwe na teo. Ni yule mpiga kinubi aliyemtuliza Sauli. Ni mfalme aliyeshika Yerusalemu. Lakini pia ni yule mtu aliyebaki nyumbani wakati jeshi lake liko vitani, akamwona mke wa askari wake akioga, akatuma watu wamlete. Mama huyo aliposhika mimba, mfalme alimwita mumewe, Uria Mhiti, kutoka vitani ili alale kwake na jambo lifunikwe. Uria akakataa kuingia nyumbani mwake huku wenzake wanalala kambini. Basi Daudi akamwandikia jemadari Yoabu barua, kwamba Uria awekwe mahali vita ni vikali, kisha wengine warudi nyuma. Na barua yenyewe akampa nani aipeleke? Akampa Uria. Mtu alibeba kifo chake mkononi bila kujua. Haya yote yako katika 2 Samweli 11, hatuyatungi. Na ukiendelea hadi sura ya 13 utakuta Amnoni akimnajisi dada yake Tamari, na baba yao Daudi anakasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu mwanawe.

Mtu anayesimulia kwa mdomo au kwa kalamu ana nafasi. Anaweza kuanza na kondoo, akafika kwa Bathsheba, akamleta nabii Nathani na hadithi yake ya mwana-kondoo wa maskini, akamalizia na toba ya mfalme. Njiani anasema "lakini", anasema "baadaye". Mchongaji hana maneno hayo. Jiwe halina "baadaye". Lina saa moja na uso mmoja, na anayepita pale langoni, leo au baada ya miaka mia, atamkuta Daudi katika saa ile ile. Kwa hivyo akichagua saa, amekwisha kuchagua Daudi.

HATA BIBLIA INAO WAWILI

Chukua Biblia yako ufungue 2 Samweli 11, mstari wa kwanza. Weka kidole hapo. Sasa fungua 1 Mambo ya Nyakati 20, mstari wa kwanza. Utaona habari zinaanza karibu sawasawa: ni majira ambayo wafalme huenda vitani, Yoabu ameliongoza jeshi kuuzingira mji wa Raba, na Daudi amebaki Yerusalemu. Halafu mwandishi wa Nyakati anaruka. Hakuna Bathsheba, hakuna barua, hakuna Nathani. Anakwenda moja kwa moja kwenye taji iliyotekwa Raba. Alitaka kuonyesha mfalme aliyetengeneza mambo ya hekalu, akaliacha lile jingine nje.

Lakini jina la Uria limo humo humo. Liko sura ya 11, mstari wa 41, katika orodha ya mashujaa wa Daudi. Na kitabu cha Samweli, katika orodha yake ya mashujaa, kimemweka Uria Mhiti mwisho kabisa, kama mtu anayetaka msomaji aondoke na jina hilo masikioni. Mathayo naye, alipoandika ukoo wa Yesu, hakumtaja Bathsheba kwa jina. Alimwita mke wa Uria. Maneno machache tu, lakini mtu aliyekufa anarudi na kusimama katikati ya ukoo wa kifalme.

Waandishi hawa walifanya kazi ya mchongaji. Kila mmoja aliamua kipi kibaki na kipi kikatwe.

MJI ULIOMPENDA DAUDI

Tuje sasa kwa mafundi wa mawe na shaba. Mji mmoja ulimchonga Daudi kuliko mingine, nao ni Florence, huko Italia. Ulikuwa mji tajiri kwa sufu na benki, lakini mdogo kwa nguvu za kijeshi ukilinganishwa na majirani wake. Watu wake walijiona kama Daudi mbele ya Goliathi.

Donatello alimtengeneza Daudi wa shaba katika karne ya 15: kijana mwembamba, hana nguo ila kofia na viatu, upanga mkononi, mguu juu ya kichwa cha Goliathi. Sanamu hiyo ilisimama uani mwa nyumba ya Medici, jamaa ya matajiri walioutawala mji bila kuitwa wafalme. Baadaye Verrocchio naye akatengeneza wa kwake, amevaa, amejishika kiuno, na kichwa cha adui kiko miguuni. Jamaa ya Medici waliiuza sanamu hiyo kwa serikali ya mji mwaka 1476. Kisha mwaka 1494 wananchi wakawafukuza Medici, na mwaka uliofuata Daudi wa Donatello akachukuliwa akawekwa kwenye jumba la serikali. Hebu tazama: wakubwa walisema Daudi ni wetu, na waliowafukuza wakubwa nao wakasema Daudi ni wetu. Na wote walimtaka yule yule wa ushindi, mwenye kichwa cha adui chini ya miguu. Ushindi hauna maswali. Mtu akishinda, nani atauliza atafanya nini miaka ishirini baadaye akiwa na taji?

Wakati huo huo, katika ua wa kanisa kuu la mji, kulikuwa na jiwe kubwa la marumaru limelala. Wale mliowahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi mtaielewa habari hii bila taabu. Jiwe lilitoka machimbo ya Carrara. Mwaka 1464 alipewa fundi Agostino di Duccio achonge sanamu ya kuwekwa juu, ukutani mwa kanisa. Akaanza, akaacha. Mwaka 1476 akapewa Antonio Rossellino. Naye hakufika mbali. Jiwe likabaki pale likinyeshewa mvua, limekwisha kukatwakatwa, refu na jembamba, mradi uliokwama. Mwaka 1501 halmashauri ya kanisa, pamoja na chama cha wafanyabiashara wa sufu, ikatafuta mtu wa kulimaliza. Kazi akapewa kijana wa miaka 26, Michelangelo Buonarroti. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 16 Agosti: miaka miwili, florini sita za dhahabu kila mwezi.

KIJANA ALICHOAMUA

Kwanza lazima tuelewe kwamba hakuwa huru sana. Marumaru si kama jiwe la Tabaka kule Kisii, ambalo fundi hulikata kwa panga na kulikwangua kwa kisu likiwa na maji. Marumaru hugongwa kwa nyundo na tindo, na kipande kikishatoka hakirudi. Waliotangulia walikuwa wamekwisha kuondoa sehemu ambazo yeye pengine angezihitaji. Hangeweza kumfanya Daudi aruke au ainame sana, kwa sababu jiwe halikuwa na unene huo. Ilibidi asimame wima.

Akamsimamisha. Uzito wote uko mguu wa kulia, na nyuma ya mguu huo ameacha kisiki cha mti ili kushikilia mzigo. Urefu ni kama mita 5. Teo imepita begani kwenda mgongoni. Mkono wa kulia umening'inia, mishipa imetokeza. Kichwa kimegeuka upande wa kushoto, paji la uso limekunjamana, macho yanatazama kitu ambacho sisi hatukioni.

Sasa tafuta kichwa cha Goliathi. Hakipo. Tafuta upanga. Haupo. Taji je? Wala.

Hili ndilo alilolibadilisha. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba amechagua saa ya kabla ya vita. Jiwe halijarushwa. Na ukimtazama usoni unaona si mtu anayejisifu. Amekaza shingo kama mtu anayepima umbali, na pengine anaogopa. Mwenye kushinda na kushindwa bado hajajulikana, na mfalme wa baadaye, mwema au mwovu, bado hajazaliwa ndani yake.

Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko wa Donatello na Verrocchio, ingawa sanamu zao ni nzuri sana. Daudi wa ushindi anatuambia habari imeisha. Wewe unayejua Biblia unajua haikuisha, kwa hivyo unabaki na mashaka kidogo, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mazishi ambapo mambo fulani yamerukwa. Daudi wa kabla ya vita hadanganyi. Haahidi kwamba atakuwa mtu safi. Anachosema ni kwamba yuko hapa na adui yuko pale.

Na tusifikiri kwamba Michelangelo hakujua kutengeneza yule mwingine. Mwaka 1502, kazi ya marumaru ikiwa bado inaendelea, alipewa kazi ya Daudi wa shaba kwa ajili ya mkubwa mmoja wa Ufaransa, Pierre de Rohan. Huyo alitaka kitu kinachofanana na kile cha Donatello, na Michelangelo akamchorea hivyo, mguu juu ya kichwa cha Goliathi. Mchoro uko Paris katika jumba la Louvre hadi leo, na kando yake kwenye karatasi hiyo hiyo amechora mkono wa yule wa marumaru. Shaba ilimaliziwa na fundi mwingine, ikapelekwa Ufaransa mwaka 1508, na baadaye ikapotea. Kwa hivyo mkono mmoja, miaka ile ile, ulikuwa na Daudi wawili. Mteja alipata alichotaka, na jiwe lilipata kile fundi alichoona.

Watu huuliza juu ya uchi. Ni swali la haki, na si la kwetu tu. Hata huko Florence sanamu ilipowekwa hadharani ilifungwa kiunoni shada la majani ya shaba. Mwaka 2023 mwalimu mkuu wa shule moja katika jimbo la Florida, Marekani, alilazimika kuacha kazi baada ya picha ya sanamu hii kuonyeshwa darasani na wazazi kulalamika. Sababu moja iko katika 1 Samweli 17: Sauli alimvika Daudi darii na chapeo yake, na Daudi akavivua kwa kuwa hakuvizoea. Alikwenda bila kinga. Sababu nyingine ni kwamba mafundi wa wakati ule walikuwa wanajifunza kwa sanamu za kale za Warumi, ambazo ziliwaonyesha mashujaa bila nguo. Biblia haisemi alikuwa uchi kabisa. Fundi wako anaweza kumvalisha ngozi ya kondoo na maana isipungue.

Kazi ilipokaribia kwisha, ilionekana haifai kupandishwa juu ukutani. Tarehe 25 Januari 1504 uliitishwa mkutano wa mafundi na wasanii kuamua itawekwa wapi. Leonardo da Vinci alikuwepo, Botticelli pia. Wakabishana. Wengine walisema iwekwe chini ya paa maana marumaru itaharibiwa na mvua. Mwishowe iliwekwa kwenye lango la jumba la serikali. Wanaume 40 waliisukuma tangu jioni ya tarehe 14 Mei, wakachukua siku nne kwa mwendo ambao wewe na mimi tungetembea dakika chache. Usiku watu wakaitupia mawe, ikabidi walinzi wawekwe. Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii, anasimulia pia kwamba kiongozi wa mji, Piero Soderini, alisema pua ni nene mno. Michelangelo akapanda na tindo na vumbi kidogo la marumaru kiganjani, akajifanya anagonga huku anadondosha vumbi, halafu akauliza, sasa je? Soderini akasema, sasa imepata uhai. Wanakamati, mmesikia.

Mvua ilifanya kazi yake. Mwaka 1527, katika ghasia za kuwafukuza tena Medici, benchi lilirushwa kutoka dirishani likavunja mkono wa kushoto. Mwaka 1873 sanamu iliingizwa ndani ya jumba la Accademia, na pale nje ipo nakala iliyowekwa mwaka 1910.

NA YULE MWENYE TAJI?

Miaka mia moja na zaidi baada ya Michelangelo, Gian Lorenzo Bernini wa Roma alichonga Daudi wake mwaka 1623 na 1624. Huyu yuko katikati ya kurusha, mwili umejipinda, ameuma midomo. Mavazi ya vita ya Sauli yamelala chini pamoja na kinubi. Ni kijana tena. Kila mtu anakimbilia kijana.

Wachache walimchonga mfalme mwenyewe. Huko Ufaransa, karibu na Dijon, Claus Sluter alimaliza mwanzoni mwa karne ya 15 nguzo kubwa ya manabii, na Daudi ni mmoja wao. Ana taji, ni mtu mzima, uso mzito, na mkononi ana karatasi yenye maneno kutoka Zaburi ya 22 juu ya mikono na miguu iliyotobolewa. Hapo taji halimpi fahari. Linamtaja tu, na macho ya mtazamaji yanakwenda kwenye mateso ambayo si yake.

Taji peke yake lina hatari. Kanisa la Notre-Dame mjini Paris lilikuwa na safu ya wafalme 28 wa Yuda mbele yake. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi, watu waliwakata vichwa wakidhani ni wafalme wa Ufaransa. Vichwa 21 vilifukuliwa mwaka 1977. Mfalme aliyechongwa kama wafalme wote hulipa pia madeni ya wafalme wote.

Na dhambi yenyewe? Imechongwa. Mbele ya kanisa kuu la Auxerre, pia Ufaransa, kuna nakshi za mawe za karne ya 13 zenye habari ya Daudi na Bathsheba. Msishangae. Wakristo wa zamani walikuwa na njia yao ya kuieleza. Augustino aliandika kwamba Daudi ni mfano wa Kristo, Bathsheba akioga ni mfano wa Kanisa linalotakaswa, na Uria ni mfano wa Ibilisi aliyenyang'anywa. Hakuficha kwamba tendo lenyewe la Daudi lilikuwa uovu mkubwa. Lakini hapa mimi nasita. Mwanajeshi aliyekataa kulala kwake kwa sababu ya wenzake, akauawa na bwana wake, kisha mahubirini anageuzwa kuwa Shetani! Ametendewa vibaya mara mbili.

Basi fundi akiwauliza Daudi yupi, mpeni jibu kabla ya kumpa malipo ya kwanza. Kama ni sanamu moja ya kusimama, mtapata saa moja tu. Mkitaka saa zaidi ya moja, mwombeni nakshi ya ubao au bamba la jiwe, kama Ghiberti alivyofanya kwenye milango ya shaba ya ubatizo huko Florence, iliyokamilika mwaka 1452: katika bamba la Daudi, vita viko mbele na safari ya kurudi Yerusalemu iko nyuma, mahali pamoja. Kwenye bamba la namna hiyo Nathani anaweza kusimama upande mmoja, na Uria akaonekana upande wa pili akiondoka na barua yake. Kazi hiyo huchukua siku nyingi kuliko sanamu moja, kwa hivyo ulizeni bei za zote mbili. Na kama fundi anatumia jiwe laini la Tabaka, asichonge kamba ya teo ikiwa hewani. Itakatika. Aiache ilale mwilini, au achonge kwa mti.